Sheria ya chini katika pf

Kompyuta kuukuu tunamohifadhi sauti za wazee wasimulizi iliikubali OpenBSD, ila kadi yake ya Wi-Fi ilikaa kimya. Ilihitaji programu ya mtengenezaji, ambayo OpenBSD haiji nayo kwa sababu ya leseni. Amri ya fw_update huipakua kwenye intaneti. Intaneti ipi? Niliunganisha simu kwa waya wa USB, nikala mega zangu.

Ukuta wa moto, pf, ulinifurahisha zaidi. Husoma sheria kutoka juu hadi chini, na ya mwisho inayolingana ndiyo hushika, isipokuwa yenye neno quick. Ni sintaksia kabisa! «Zuia wote» ikikaa chini hufuta ruhusa zilizotangulia. Niliiweka juu, kisha nikaruhusu kompyuta mbili za darasani. Mzee mmoja aliniuliza nani atasikia sauti yake. Sasa ninaweza kumjibu.