Ngoma Haipigwi Peke Yako

Shoga yangu,

Nimefika Bujumbura. Nilivukia Manyovu, kisha gari likafuata ukingo wa Ziwa Tanganyika: Nyanza-Lac, Rumonge, mpaka mjini. Nimefikia Kigobe, mtaa wa kuta ndefu, karibu na jengo la Bunge. Nauli usiniulize, mafuta huku ni ya kusaka.

Haya, agizo lako. Ulitaka nikutazamie Warundi wanavyofundisha ngoma, ili uanzishe tuisheni ya mtu mmoja mmoja hapo Bagamoyo. Nimemuuliza mzee mmoja aliyewahi kuwa mpigaji, jirani wa wenyeji wangu. Alicheka kwanza, kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi: ngoma isiyopigwa na mtu mmoja, utamfundishaje mtu mmoja?

Ana hoja. Ngoma iitwayo inkiranya husimama katikati na ndiyo kiongozi. Nyingine huizunguka nusu duara: amashakwe hushikilia pigo lile lile bila kuyumba, na ibishikizo hufuata ya katikati. Wapigaji hupokezana, huyu anaruka mbele kucheza, yule anaingia kushika inkiranya. Mzee anasema yeye aliwekwa pembeni muda mrefu, akipiga pigo moja mpaka mkono ukaacha kufikiri. Fimbo za inkiranya alikabidhiwa baadaye sana. Ualimu wenyewe hakuuomba: siku moja wadogo waligeuka wakaanza kumtazama yeye.

Sasa keti nikwambie la pili. Wewe huku usingepiga. Amri ya Rais ya Oktoba 2017 inawakataza wanawake kupiga ngoma hizi, wakaachiwa dansi zao za kike, na vikundi vyote vikatakiwa kujiandikisha wizarani. Hoja ya serikali ni heshima: hii ilikuwa ngoma ya mwami, yaani mfalme. Ufalme ulifutwa 1966, na UNESCO ikaitambua ngoma hiyo 2014. Lakini huko Rwanda, mjini Huye, Ingoma Nshya, kikundi cha wanawake pekee, kinapiga tangu 2004. Ukitaka mwalimu wa kukufungua macho, nenda kwao.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Usianze na kibao cha "Mwalimu wa Ngoma" getini. Tafuta vijana wanne wa mtaani kwako, wale wanaozurura jirani na chuo cha sanaa, uwafundishe pigo la kushikilia mpaka waweze kulibeba hata mkiwa mnapiga soga. Hao ndio darasa lako, na uwalipe sehemu ya mapato. Mgeni akija anataka somo lake binafsi, mkaribishe, taja bei yako bila haya, umwingize kwao. Akilalamika kwamba amelipa apige ya katikati, mwambie pesa hununua nafasi ya pembeni tu. Katikati huingiwa kwa kupokezana.

Msalimie mama.

Rafiki yako