Safari ya Makuta Kidogo: Kutoka Kasomeno Mpaka Ziwa la Moero

Kasomeno ni kijiji cha njia panda. Ukitoka Lubumbashi, kiasi cha kilometa 140 upande wa kaskazini-mashariki, barabara inagawanyika: mkono mmoja unashuka Kasenga kwenye mto Luapula, na mwingine unaelekea Kilwa na Pweto kwenye ziwa la Moero. Sisi tuliokulia pale tumeona watu wakipita tangu utoto wetu. Malori ya samaki, mapadri, askari, wachuuzi wa unga, na wale vijana wa kinga wanaosukuma magunia ya makala mpaka jasho linakauka lenyewe. Kwa hiyo hamu ya kwenda hatukufundishwa na mtu. Ilikuwa mbele ya mlango.

Wazee wetu hawakuwa na neno la mtu anayetembea ili kuangalia tu. Mtu alitoka kwake kwa sababu: samaki, chumvi, kilio, posa, au kumtafuta mjomba aliyepotea. Lakini tusidanganyane, walipenda kutembea. Wabemba wanasema mtoto asiyetembea ndiye anayemsifu mama yake peke yake kwa upishi. Na walitembea bila makuta. Mtu alibeba chakula cha njia, unga na karanga na chumvi kidogo, na jioni aliingia kijiji cha watu kwa utaratibu: kwanza kwa mzee wa kijiji, kuketi chini, kupiga makofi taratibu, kutaja kijiji chake na ukoo wa mama yake. Baada ya hapo nyumba ilipatikana. Hata Msiri, aliyetoka kwa Wanyamwezi katika karne ya 19, aliomba njia kwa Mwata Kazembe kabla ya kuvuka Luapula kuja huku Katanga. (Mgeni huyo baadaye alimzidi mwenyeji wake kwa nguvu, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Basi sisi, marafiki sita, wanaume wane na wanawake wawili, tulitaka kuona kama desturi ile ingali inabeba mtu. Hatukuwa na feza za kutosha, huo ndio ukweli wa kwanza. Kati yetu kuna walimu wawili, muganga mmoja, mshonaji, na wawili wanaouzisha unga sokoni. Tulifanya likelemba. Kwa kawaida likelemba kila mwezi inaliwa na mtu mmoja. Yetu haikuliwa, ilikaa ndani ya kopo la maziwa nyumbani kwa dada mmoja ambaye hatusiti kusema ni mkali. Kuanzia Oktoba 2017 mpaka Juni 2018 hakuna aliyefaulu kumshawishi alifungue, hata kwa msiba.

Tulichagua Julai kwa sababu tatu. Barabara ni kavu, mavuno yamekwisha kuingia ghalani kwa hiyo mgeni si mzigo mkubwa, na mwisho wa mwezi huo, ng'ambo ya Luapula, Mwata Kazembe wa Walunda anacheza Mutomboko.

Tulipanda juu ya lori la magunia mpaka Kasenga. Mizigo yetu wenyewe: unga wa mahindi kilo 25, chumvi, miche ya sabuni, blanketi, na sufuria moja. Kasenga ya leo imetulia, lakini wazee wanakumbuka muji mwingine. Wagiriki walijenga pale biashara kubwa ya samaki wakati wa Wabelgiji. Walikuwa na mashua zao, barafu yao na malori yao, na samaki wa Luapula na Moero walipelekwa Élisabethville kulisha wafanyakazi wa Union Minière. Shaba ya Katanga ilichimbwa na watu walioshiba samaki wa huku. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Mpumbu, samaki yule aliyekuwa anapanda mto kwa makundi wakati wa mvua ili kutaga, alivuliwa pamoja na mayai yake mpaka akawa haba, na hiyo ilikuwa kabla ya uhuru wa 1960. Mzee mmoja pale bandarini alituambia kwa kifupi: "Baliuzisha mama na batoto siku moja."

Tukavuka kwa bwato. Mto ule ni mpaka wa nchi mbili kwa sababu Waingereza na watu wa mfalme Léopold walipatana hivyo mwaka 1894, huko Ulaya. Samaki hawakuarifiwa. Koo zetu pia hazikuarifiwa, kwa maana ni zilezile ng'ambo hii na ng'ambo ile. Tulihakikisha hayo mara moja. Kwenye upande wa Mwense, mzee aliyeketi karibu na mabwato alituuliza koo, kama inavyotakiwa. Mshonaji wetu akajibu kwamba yeye ni mwana wa Mbuzi. Yule mzee akaruka: yeye alikuwa mwana wa Chui! Wanaojua habari za bunungwe wanaelewa. Chui na Mbuzi ni watani wa zamani; wanatukanana bila hasira, wananyang'anyana vitu, na siku ya kifo wanazikana. "Leo nyama imejileta yenyewe," akasema, akamvua mshonaji kofia yake na kuivaa. Kofia haikurudi. Lakini kwa kofia hiyo moja tulipata nyumba ya kulala, kuni, na kijana wa kutuonyesha njia.

Nyumba ilikuwa ya binti wa ndugu yake, mama mjane aliyewahi kukaa Lubumbashi miaka mingi, ndiyo maana alisema nasi Kiswahili cha kwetu. Hapa ndipo tunapotaka kukawia kidogo.

Kabla hatujafungua mizigo, tulimwona mtoto wake wa kike akitoka nyuma ya nyumba na sahani tupu, akaenda kwa jirani, akarudi na unga umefunikwa kwa kitambaa. Mama hakusema lolote. Bukari ikaja, na samaki, na majani ya mihogo, nasi tukala. Baada ya kula, dada wa kopo akatoa unga wetu wote na sabuni na chumvi, akaviweka mbele ya mama huku amepiga magoti, kama bibi zetu walivyofanya. Mama akapiga makofi, akapokea. Jambo lilikuwa sawa.

Mwalimu mmoja kati yetu hakuridhika. Usiku alisema: desturi ilikuwa nzuri wakati kila mtu alikuwa na ghala, leo mama huyu ananunua unga, ananunua mafuta ya kupikia, analipa masomo ya watoto. Tukilala kwake siku tatu na kusema "tumesafiri kwa bei rahisi", bei hiyo anailipa nani? Wengine wakamjibu kwamba ukimpa mwenyeji makuta mkononi umemgeuza kuwa oteli, na kesho yake utani na undugu vimekufa. Tuligombana kwa sauti ya chini, kama watu wanaogombana ndani ya nyumba ya wenyewe.

Siku ya kuondoka mwalimu akamwekea mama noti za kwacha. Mama akazitazama.

"Baba, ile urudishe ku mufuko. Bajirani batasema nini? Batasema miye nauzisha bukari ku batoto ya ndugu yangu. Ile chumvi na sabuni nimekamata, inatosha."

Mwalimu akazirudisha mfukoni, kisha, wakati wa kukunja blanketi, akaziacha chini ya mkeka. Tulikuwa tumekwisha kufika barabarani, tunangoja gari, tulipoona kijana wa yule mama anakuja mbio juu ya kinga. Noti zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kitambaa. Akazitoa, akampa mwalimu kwa mikono miwili, akasema mama anasalimia, akageuza kinga.

Kutoka pale ni lami mpaka Mwansabombwe, kwa Mwata Kazembe. Ni sehemu ambayo kila Mkatanga angeiona walau mara moja, kwa sababu historia yake ilitoka kwetu. Walunda hawa waliondoka magharibi, kwa Mwata Yamvo, wakavuka Lualaba, wakaja wakishinda nchi mpaka Luapula. Mreno Lacerda alifika kwa Kazembe mwaka 1798, akafia huko. Livingstone alipita Novemba 1867. Katika siku za Mutomboko, Mwata anakwenda mtoni Ng'ona kuwapa chakula na kinywaji mababu waliokufa maji wakati wa safari ile ya zamani. Tulisimama kwa mbali, watu wakiwa wamenyamaza, na tuliwaza kwamba hata ufalme huu unahesabu wasafiri wake waliopotea njiani.

Mchana anabebwa juu ya mabega ya watu mpaka uwanjani, ngoma ya mondo ikisema majina. Kisha anacheza mwenyewe, na lile vazi kubwa la kukunjwa kiunoni, shoka mkono mmoja na upanga mkono mwingine. Mwata wa 19, aliyesimikwa 1998, si mtu mwembamba, lakini miguu yake ilikuwa miepesi kuliko yetu. Vumbi, bia, mawaziri na miavuli yao, vipaza sauti vya makampuni ya simu. Wengine kati yetu walichukizwa na hayo ya mwisho. Sisi tunaona hata sherehe inahitaji mtu wa kuilisha.

Tulilala uwanjani na mamia ya wengine, tumejifunika blanketi mbili mbili. Baridi ya Julai haina utani na mtu yeyote.

Halafu ziwa. Nchelenge ina mchanga mweupe na mawimbi madogo, na usiku usio na mwezi utadhani muji mwingine umejengwa juu ya maji: ni taa za wavuvi wa chisense, wale samaki wadogo wanaofuata mwanga. Tulitoa makuta ya kulala usiku mmoja katika nyumba ya wageni kando ya maji. Kitanda kilikuwa kizuri. Tuliandika majina katika daftari, tukapewa ufunguo, na hakuna aliyetuuliza ukoo.

Kesho yake tukaingia mashua ya abiria kwenda kisiwa cha Kilwa, katikati ya kuku na magunia. Watu wanachanganya: muji wa Kilwa uko kwetu Kongo, kisiwa cha Kilwa ni cha Zambia, na zote zina jina moja na Kilwa ya pwani ya Tanzania. Mwishoni mwa karne ya 19 kisiwa kile kilishikwa na mfanyabiashara aliyeitwa Simba, mmoja wa wale waliotoka mashariki na bunduki, pembe na Kiswahili. Hatukukuta kasri. Tulikuta mihogo imeanikwa juu ya mawe, nyavu, watoto wengi, na mzee aliyetupokea baada ya makofi yetu. Unga wetu ulikuwa umekwisha, tukanunua samaki kwa mvuvi na kumpelekea mke wa mzee ili apike. Hilo halikumkasirisha mtu. Pengine ndipo mwalimu alipopata dawa yake: makuta yakipita kwanza sokoni, yakageuka chakula, aibu yanaiacha hukohuko.

Tulirudi Kasomeno siku ya 12 na kopo likiwa na akiba kidogo ndani. Tukajisifu sana. Hesabu ya kweli ilikuja Machi 2019, wakati kijana wa yule mama, yule wa kinga, alipofika Lubumbashi kutibiwa jicho. Hakuandika wala kupiga simu. Aliuliza njia mpaka Katuba, kwa mwalimu yuleyule, anayepanga vyumba viwili na mke na watoto watatu. Alikaa wiki tano. Mwenye nyumba alianza kuhesabu ndoo za maji. Sisi wengine tulipeleka unga kwa zamu, na muganga wetu alimsindikiza hospitalini kila mara. Mwalimu, ambaye anapenda hesabu, alituonyesha kwenye karatasi kwamba bukari ya wiki tano imezidi nyumba zote za wageni ambazo tungelala ng'ambo. Alisema hivyo akicheka, na mke wake hakucheka. Jicho lilipona. Siku ya kuondoka kijana aliacha chini ya meza mfuko wa samaki wakavu aliokuja nao na kuuficha wiki zote hizo, kusudi usiliwe na yeye mwenyewe.

Sasa kuna mradi wa barabara ya kulipia kutoka Kasomeno mpaka Mwenda huko Zambia, na daraja juu ya Luapula. Tunaufurahia, lori litavuka bila kungoja na mgonjwa atafika mapema. Wazee wa mabwato wanauliza watakula nini, nasi tunauliza kama mtu anayepita darajani ndani ya gari lenye vioo atapata nafasi ya kuulizwa yeye ni mwana wa nani.

Likelemba imeanza tena. Safari hii watu wanataka Pweto, pale maji ya Moero yanapotoka kuwa mto Luvua, na kama kopo litaruhusu, mpaka Moba kwenye Tanganyika. Dada wa kopo ameuliza nani ana ndugu Pweto. Mikono miwili imeinuka. Moba, hakuna hata mmoja, ila mshonaji anasema Chui hawakosekani popote, na amekwisha kununua kofia ya kunyang'anywa.