Njia ya Mchepuko Ndiyo Iliyotuangusha

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinizidi. Leo nataka tuzungumze kuhusu kitu ambacho wengi wetu hatukifikirii tunapowasha tarakilishi: barabara zilizomo ndani ya chipu. Lakini kabla ya kufika huko, acha niungame kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilijengea chama kimoja cha akiba na mikopo mfumo wa kutolea pesa kwa simu. Niliweka seva mbili. Moja ikilemewa au ikipoteza njia ya kufikia hifadhidata, inampitishia mwenzake ombi la mwanachama. Nilijisifu mbele ya kamati. "Mfumo huu hauwezi kulala," nikawaambia.

Ukalala. Ilikuwa Ijumaa, mwisho wa mwezi, shule zinafunguliwa Jumatatu. Waya mmoja wa mtandao ulilegea. Seva ya kwanza ikaanza kuipitishia ya pili maombi yake. Ya pili ikalemewa, ikayarudisha mengine kwa ya kwanza. Kila seva ilishikilia nafasi zake zote ikisubiri jibu la mwenzake. Hakuna iliyokufa. Taa zote zilikuwa kijani. Ila kwa saa 5 hakuna shilingi iliyotoka.

Mwenyekiti, mzee wa heshima zake, alinipigia simu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kijana wangu, kuna mama hapa ofisini tangu asubuhi, anataka karo ya mtoto. Nimwambie nini?"

Sikuwa na jibu. Kilichoniuma zaidi ni hiki: waya uliolegea ungetupunguzia kasi tu. Kilichotuangusha ni ile njia ya mchepuko niliyoijenga kwa mikono yangu. (Na sizungumzii mpango wa kando, tafadhali.)

Nilipoanza kutafuta nani mwingine amewahi kupigwa na ugonjwa huu, nikajikuta nasoma kazi za wabunifu wa chipu.

Chipu ya leo si prosesa moja. Ni mji wenye viini vingi vinavyopashana data. Zamani viini vichache vilitumia njia moja ya pamoja, anayesema anasema na wengine wananyamaza. Vilipoongezeka, njia hiyo ilijaa. Mwaka 2001 William Dally na Brian Towles waliandika kwamba badala ya kuvuta waya maalumu kutoka kila sehemu hadi nyingine, sehemu za chipu zitumiane paketi kupitia mtandao, kama tufanyavyo kwenye intaneti. Mwaka 2007 Intel ilionyesha chipu ya majaribio yenye viini 80, vimepangwa 8 kwa 10, kila kiini na ruta yake ndogo.

Chukulia mji wenye barabara zilizonyooka, nyingine za mashariki na magharibi, nyingine za kaskazini na kusini. Kwenye kila makutano kuna ruta. Sheria rahisi kuliko zote inasema: nenda kwanza mashariki au magharibi mpaka ufike usawa wa unakokwenda, ndipo ukate kona kwenda kaskazini au kusini. Ukishakata, hurudi tena. Sheria ya kijinga? Hapana. Ndiyo inayozuia mji mzima kukwama.

Aliyewahi kukaa kwenye raundabauti ya Nairobi saa 12 jioni ananielewa. Gari la kwanza linasubiri la pili lisogee, la pili linasubiri la tatu, la tatu la nne, na la nne linalisubiri la kwanza. Hakuna aliyeharibikiwa na gari. Kila dereva ana haki yake. Lakini hakuna anayesogea. Paketi nazo ni hivyo hivyo: kila moja imekalia nafasi ambayo nyingine inaingojea.

Sasa leta hitilafu. Vumbi dogo kiwandani linaweza kuua waya kabla chipu haijatoka. Waya mwembamba huliwa na umeme taratibu kwa miaka. Na chipu huwezi kuifungua kwa bisibisi. Kwa hiyo ruta lazima izunguke palipoharibika, na ikizunguka inalazimika kukata ile kona iliyokatazwa.

Nilitaka kuliona kwa macho yangu. Nikaandika programu ndogo ya kuigiza chipu ya ruta 64, 8 kwa 8, zenye viungo 112 kati yao. Nikakata kiungo kimoja na kuziambia paketi zipite popote palipo wazi. Msongamano ulipoongezeka, zikajifunga duara na kila kitu kikasimama. Kimoja kati ya viungo 112! Nikaikumbuka Ijumaa ile.

Dawa yake ilinishangaza. Mwaka 1992 Christopher Glass na Lionel Ni walihesabu kona zote za mji kama huu. Ziko 8: 4 za duara linalozunguka kulia, na 4 za duara linalozunguka kushoto. Ile sheria yetu ya kwanza inakataza 4. Wao walionyesha kwamba kukataza 2 kunatosha, moja kutoka kila duara. Ila si zozote zile: kati ya jozi 16 zinazowezekana, 12 ndizo zinazozuia mkwamo. Mfano mmoja ni sheria ya "magharibi kwanza". Kama una safari ya magharibi, ifanye mwanzo. Baada ya hapo uko huru kuchagua.

Uhuru huo una mpaka. Kiungo kilichokufa kikiwa ndicho cha kuelekea magharibi, sheria hiyo haikupi pa kupitia. Hapo wabunifu hutumia mbinu waliyoieleza Dally na Charles Seitz mwaka 1987: waya ni ule ule, lakini foleni za kusubiri ni zaidi ya moja. Paketi zilizochepuka zikipewa foleni yao, yenye sheria yake, haziwezi kuziba zilizo kwenye njia ya kawaida.

Kuna na mtego wa tatu. Sheria ya zamani inaweza kuwa salama, na mpya ikawa salama, lakini ukibadilisha katikati ya safari, paketi za sheria hizi mbili zikikutana zinaweza kufunga duara. Njia ya wazi ni kusimamisha zinazoingia, kuacha zilizomo zifike, kisha kubadilisha.

Wengine huamua kutochepuka kabisa. Mwaka 2008 AMD iliuza Phenom X3, chipu ya viini 4 ambayo kimoja kimezimwa. Cerebras, mwaka 2019, ilitoa chipu moja yenye ukubwa wa milimita za mraba 46,225 na viini 400,000. Kwa ukubwa huo hitilafu hazikwepeki, kwa hiyo waliweka viini na viungo vya akiba. Kiini kibovu kinarukwa, cha akiba kinaunganishwa, na programu inaona mji ule ule ulionyooka. Ramani haibadiliki, kwa hiyo sheria haivunjwi.

Nilirudi kwa mwenyekiti na mabadiliko matatu. Ombi lililokwisha kupitishwa mara moja halipitishwi tena. Likikosa nafasi, linakataliwa na mwanachama anaambiwa ajaribu baadaye. Maombi yaliyopitishwa yana foleni yao. Na kila mwezi, usiku, tunachomoa waya kwa makusudi, mzee mwenyewe akiwa hapo anatazama.

Mara ya kwanza mikono yangu ilitetemeka. Waya ukatoka, mfumo ukaenda polepole, lakini ukaenda. Mzee akatingisha kichwa, akaniuliza, "Sasa yule mama angepata karo?"

"Angepata, mzee. Angechelewa kidogo."

Siku hizi siahidi kamati yoyote kwamba mfumo hautalala. Nawaonyesha mchepuko, kisha nawaonyesha kona nilizozifunga.

Tuonane tena, Mungu akipenda.