Kuuza Mashine Kuukuu

Vitu vingi vinavyouzwa baada ya kutumika haviwezi kuuficha umri wao. Ng'ombe hutazamwa meno, nguo huinuliwa ikaangaliwa juani, na dau hugongwa mbao zake mmoja mmoja hata ubao uliooza ujitaje wenyewe kwa sauti yake. Lakini mashine ya kufungwa tezini mwa mashua ni kitu cha siri. Huvaa kofia, na chini ya kofia ile huweza kukaa afya njema au maradhi ya kufisha, wala mnunuzi asijue analipia lipi katika hayo mawili. Mwenye habari ni mmoja tu, naye ndiye anayetaka fedha.

Mashine hizi si za kale sana. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyehamia Marekani, alianza kuuza za kwake katika mji wa Milwaukee mwaka 1909. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia siku moja ya joto, alipopiga makasia kumletea mchumba wake aiskrimu, nayo ikayeyuka njiani. Kama hadithi hiyo ni kweli, wavuvi wengi wa dunia wana deni kwa bibi yule. Mashine zenye jina la Evinrude ziliacha kuundwa mwaka 2020. Katika visiwa vya Lamu inayopendwa zaidi ni Yamaha, si kwa uzuri wa sura, bali kwa kuwa fundi wa kijiji huijua kama avijuavyo vidole vyake.

Mvuvi mmoja wa Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, alikuwa na Yamaha ya nguvu za farasi 15. Aliinunua mpya akaitumia miaka tisa. Katika kila lita 25 za petroli alitia nusu lita ya oili, na mwisho alikuwa hapimi tena, jicho lake lilikuwa ndicho kipimo. Kila aliporudi pwani aliitia katika pipa la maji tamu, akaiwasha ili chumvi itoke. Hata miezi ya ukame hakuacha, ijapokuwa mkewe alinung'unika kwamba maji ya jabia yanyweshwa chuma kabla ya watoto.

Mashine ya namna hii hunywa maji ya bahari ili ijipoze. Pampu ndogo yenye mabawa ya mpira huyavuta kutoka chini, yakaizunguka silinda, kisha yakatoka ubavuni kama uzi. Katika mwaka wa tisa uzi ule ulianza kuwa mwembamba. Fundi alibadili mpira, akazibua tundu, lakini chumvi ilikuwa imekwisha kujijenga ndani, katika njia ambazo mkono wake haukuzifikia. Ikawa mashine yawaka kwa mvuto mmoja, yaenda vema nusu saa, yaenda vema saa nzima, kisha ikikazwa mbio huzimika. Ikiachwa ipoe, huwaka tena kana kwamba haikutenda kosa. Mara mbili ilimzimikia nje ya mwamba wakati wa kusi, na mara ya pili mawimbi yalimsukuma hata akasikia mwamba ukinguruma nyuma yake kabla nanga haijashika. Ndipo aliponuia kuiuza.

Mnunuzi alitokea upesi. Alikuwa kijana wa kijiji cha jirani, na haja yake ilijulikana na wote. Tangu ghuba ya Manda ilipochimbwa kwa ajili ya bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, wavuvi walilalamika kwamba maeneo yao ya karibu yameharibika. Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imekwisha kuamua mwaka 2018 kwamba wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia. Lakini hukumu haivuliwi wala haipikwi, na atakaye samaki hana budi kutoka nje ya mwamba, na nje ya mwamba hakwendwi kwa kasia.

Kijana aliikagua kwa uangalifu. Alivuta kamba polepole, akausikia ukinzani wa silinda mkononi. Alifungua plagi, akaona rangi ya kahawia. Alilegeza skrubu ya chini, na oili ya gia haikutoka nyeupe kama tui, dalili kwamba maji hayajaingia. Waliiwasha pipani, ikanguruma robo saa bila kukohoa.

"Ami, mashine hii ina moyo," alisema. "Nitakupa shilingi 110,000."

"Nipe siku tatu, mwanangu."

Katika siku hizo alikwenda Lamu kwa boti la abiria, kwa mfanyabiashara apokeaye mashine kuukuu na kupunguza bei ya mpya. Huyo alitaja shilingi 70,000. Hakuuliza neno lolote juu ya mashine. Uani mwake zilisimama nyingine nne, zote zimepakwa rangi jana au juzi, zikingoja watu. Mvuvi alizitazama kwa muda. Aliyekuja na nia ya kuiondoa mzigo rohoni mwake aliona kwamba dukani mzigo hauondolewi, hupakwa rangi. Aibu ya mashine ingepita mikono miwili, mitatu, kila mmoja akisema hakuulizwa, hata imfikie mtu nje ya mwamba ambaye hakuna katika wote hao ajuaye sura yake. Wako wasemao kwamba soko ni macho ya mnunuzi. Neno hilo lafaa kwa mapapai, maana anunuaye papai bovu hupoteza papai.

Kijana alipokuja siku ya tatu, mvuvi hakumwambia neno. Ilikuwa mwezi wa Machi na bahari imelala. Alipakia tanga, makasia na nanga, wakatoka wawili. Walipopita mwamba aliikaza mashine mpaka mwisho, akaiacha hivyo. Saa moja na dakika kadhaa ikazimika. Kimya kilikuwa kikubwa.

"Sasa umeijua," alisema mvuvi.

Kijana aliutazama ubavu wa mashine, mahali ambapo uzi wa maji ulikuwa umekatika. Baada ya muda akauliza, "Ami, ulikuwa unaniuzia hii?"

"Nilikuwa."

Walingoja ipoe. Mashua iligeuzwa taratibu na mkondo, na wote wawili walitazama ulikoelekea. Kabla ya kuvuta kamba kijana alisema kwamba atatoa 60,000, aitumie ndani ya mwamba kwa safari fupi, na kwamba tanga liwemo katika bei. Mvuvi akakubali.

Jioni, kwa mazoea, alitwaa ndoo mbili akaenda jabiani. Aliporudi, mkewe alimwuliza maji yale ni ya nani.