Rangi Iliyo Mkononi

Vijana wapenzi, mchezo huu mnaujua kuliko mimi, kwa hiyo sitaueleza kwa kirefu. Karata ni 108, na rangi ni nne: nyekundu, manjano, kijani na buluu. Kila mchezaji hupewa karata saba. Ikiwa juu ya rundo kuna tano nyekundu, nawe utaweka nyekundu yoyote au tano ya rangi yoyote, ukikosa, unaokota. Anayemaliza wa kwanza ndiye mshindi. Huko Kenya vijana wana mchezo ulio ndugu wa huu, wanaoucheza kwa karata za kawaida na kuuita “kadi”, aliyekaribia kumaliza hana budi kutangaza: “Niko kadi.” Sisi wa Butembo na Beni tunatumia neno lililochapwa juu ya pakiti yenyewe, Uno, ambalo kwa Kihispania na Kiitaliano maana yake ni “moja”.

Aliyeutunga alikuwa kinyozi, Merle Robbins, wa mji mdogo wa Reading katika jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1971. Inasimuliwa kwamba alikuwa akibishana na mwanawe, aliyekuwa mwalimu, juu ya kanuni za mchezo wa zamani wa karata, ndipo akaamua kuandika kanuni zake mwenyewe. Jamaa yake ilichanga dola 8,000, wakachapisha pakiti 5,000 za kwanza, naye akawa akiziuza katika kinyozi chake. Tangu 1992 mchezo huu ni mali ya kampuni ya Mattel. Kama mwalimu ninaipenda habari hii: baba na mwana wameshindwa kuelewana juu ya kanuni, na kutokana na ubishi wao watu wa nchi ambazo hawakuzijua wanaketi meza moja.

Lakini ninalotaka kuwaandikia ni Uno ya simu, ile ambayo mtu huicheza peke yake na kompyuta. Hapo wachezaji ni wanne, nawe ndiwe mmoja; watatu waliobaki ni programu. Hakuna haja ya intaneti wala ya jirani. Kunahitajika chaji tu.

Nyumbani kwetu anaishi kijana wa miaka kumi na saba ambaye jamaa yake ilikimbia kutoka upande wa Oicha. Jina lake nalihifadhi. Mauaji ya raia katika eneo la Beni, yaliyoanza Oktoba 2014, mnayafahamu. Wengine wenu mmeyafahamu kwa namna ambayo mimi sina haki ya kuieleza. Alifika kwetu na begi la shule lisilo na daftari hata moja, pamoja na simu yenye kioo kilichopasuka. Jioni, wakati ambapo hairuhusiwi tena kutembea barabarani, aliketi kwenye kizingiti cha mlango, akajifunika shuka kwa sababu ya baridi yetu ya mlimani, akacheza mpaka simu izimike. Alipoitwa kula alikuja. Alipoulizwa neno alijibu. Zaidi ya hayo hatukumsikia.

Neno la kwanza aliloniambia bila kuulizwa lilikuwa la mashtaka: “Papa, simu hii inaiba.”

Nikampa daftari na kalamu. Kila mchezo ulipoisha, aliandika mshindi. Tulipofikisha michezo arobaini, alikuwa ameshinda kumi na mmoja. Nikamwonyesha kwamba wachezaji wanne wenye uwezo sawa hutazamiwa kushinda kila mmoja robo ya michezo, yaani kumi katika arobaini. Kwa hiyo yeye alikuwa mbele kwa mmoja. Kilichomdanganya ni ile ishirini na tisa aliyoshindwa, kwa kuwa moyo hauhesabu washindani watatu. Unahesabu tu “mimi” na “wao”. Hesabu ile ilimridhisha nusu. Akasema: “Lakini Papa, ndiyo inayozichanga karata, ndiyo inayonigawia, na ndiyo inayocheza nami. Nani anaichunga?”

Swali zuri, na ningependa kulisikia mara nyingi zaidi darasani. Simu inashika karata zote 108; yale macho ambayo haitakiwi kuyatumia inayo tayari. Mtu aliyeiandika programu aliiagiza kila mchezaji wa kubuni atazame karata zake tu: atafute rangi inayofanana, au namba inayofanana, au aitunze karata ya rangi zote hadi mwisho. Tunamsadiki mtu huyo bila kumwona.

Hapo ndipo nilipoanza kuifikiria karata moja kuliko nyingine zote, ile ambayo vijana wetu huiita kwa Kifaransa plus quatre. Ziko nne katika pakiti. Anayeiweka huchagua rangi atakayo, na anayemfuata huokota nne na kupoteza zamu. Wengi wenu huitupa wakati wowote kama fimbo. Lakini kanuni iliyoandikwa ni nyingine: hairuhusiwi kuiweka ikiwa mkononi mwako unayo rangi inayochezwa wakati huo. Na nani ataijua rangi iliyo mkononi mwako? Hakuna. Umeinamisha karata zako, na wenzako wanaona migongo yake tu. Yule anayetakiwa kuokota aweza kukushtaki. Hapo utamwonyesha karata zako yeye peke yake. Ukionekana umedanganya, unaziokota nne wewe. Ukiwa umesema kweli kwa karata yako, mshtaki anaokota sita. Kinyozi yule au waliomfuata waliijua mioyo ya watu: waliweka uwezekano wa kudanganya, wakaweka bei ya kumshuku mwenzako bure.

Katika programu aliyokuwa nayo kijana wetu, mambo yalikuwa mepesi. Akiwa na rangi inayotakiwa, plus quatre ilififia na haikubonyezeka. Basi hakudanganya kamwe katika michezo ile yote. Je, tumsifu? Sisi tulioshika chaki miaka mingi tunawajua wanafunzi ambao hawakunakili kwa mwenzao kwa sababu madawati yalikuwa mbalimbali na msimamizi alisimama nyuma yao. Mtihani wao ulikuwa safi. Juu ya wanafunzi wenyewe, mtihani ule haukutuambia lolote.

Kuna na ile kanuni ya kutamka “Uno” unapobakiwa na karata moja, ambayo kwangu mimi ni ya ajabu, kwa kuwa inamlazimisha mtu awaonye washindani wake kwamba yu karibu kuwashinda. Ukinyamaza na wakakushika, unaokota mbili. Kwenye simu ni kitufe. Unakigusa, sauti inatoka, na wale watatu hawashtuki.

Baadhi ya wazazi wangetaka niishie hapa na kuilaani simu. Sitafanya hivyo. Kumbukeni miaka ile ya Ebola, kuanzia 1 Agosti 2018 ilipotangazwa hadi 25 Juni 2020 ilipotangazwa kwamba imekwisha: wagonjwa zaidi ya 3,400, waliokufa zaidi ya 2,200, na Beni, Butembo na Katwa zikiwa kati ya mahali palipoumizwa sana. Tulisalimiana kwa viwiko. Karata za makaratasi, zinazopita kutoka mkono hadi mkono na wengine hulowesha kidole kwa mate ili kuzigawa, niliziweka sandukuni na kufunga kwa ufunguo. Wakati huo, mtoto aliyecheza na kompyuta alikuwa mtoto aliye salama.

Na kijana huyu naye alikuwa na sababu yake. Mezani kuna watu, na watu huuliza. Unatoka kijiji gani? Mlikuwa wangapi? Baba yuko wapi? Wanauliza kwa huruma, lakini kila swali humrudisha mtu barabarani usiku ule. Kompyuta haikumwuliza chochote. Ilimgawia karata saba, ikangoja. Mei 2021, jimbo letu lilipowekwa chini ya utawala wa kijeshi, watu wengi walijifunza kukaa ndani bila kusema. Yeye alikuwa amejifunza kabla. Sidhani alihitaji kunyang'anywa simu. Alihitaji muda, na meza isiyo na maswali.

Likizo iliyopita, wapwa wangu walikuja kutoka Beni na pakiti ya karata za kweli, zilizokunjika pembe. Walimwita mara moja tu, naye akaja. Mchezo wa kwanza alisahau kutamka “Uno”, kwa kuwa alizoea kitufe, wakamzomea kwa shangwe na kumwokotesha mbili. Alicheka; sikuwa nimekisikia kicheko chake kabla ya siku hiyo.

Mchezo wa pili niliketi nyuma yake, nikimenya viazi. Rangi ilikuwa kijani. Alibakiwa na karata tatu: plus quatre, kijani moja yenye tatu, na buluu. Binti yangu mdogo, aliyemfuata, alibakiwa na moja, na kila mtu aliona kwamba ni lazima azuiwe. Kijana aliigusa plus quatre kwa kidole gumba. Akaiacha. Akaweka kijani yenye tatu, na binti yangu akamalizia kwa kijani yake, akaruka na kupiga vigelegele.

Mchezo wa tatu ilimjia tena plus quatre, na safari hii akaiweka. Binti yangu akamkazia macho: “Yaya, unadanganya. Unayo manjano.” Akamfunulia karata zake. Nyekundu, nyekundu, buluu. Manjano haikuwamo. Mtoto akaokota sita, moja moja, akinung'unika kwamba hata mchezo uliopita alimwona ana bahati tu. Kijana hakumjibu kitu juu ya mchezo uliopita, nami nikaendelea kumenya viazi.