INHELA YA BLUU ILINIDANGANYA

Mmeuliza kwa nini kijana ndiye anayeswalisha Alfajiri. Ni pumu. Vumbi na upepo wa kiangazi hapa Singida vimenibana. Ijumaa moja nilikatisha khutba.

Miaka mingi nilitegemea inhela ya bluu, salbutamol. Kumbe hufungua njia ya hewa kwa saa chache tu, uvimbe ndani unabaki! Tangu 2019 miongozo ya kimataifa haishauri mtu mzima kuitegemea peke yake. Ya kupunguza uvimbe niliikataa, eti "inazoesha mwili". Sasa naivuta asubuhi na jioni hata nikiwa mzima, kisha nasukutua.

Ramadhani nitavuta wakati wa daku na baada ya futari. Nikibanwa mchana? Masheikh wamekhitilafiana, mimi nitavuta, kisha nitailipa siku hiyo.

Jana nimehutubu dakika kumi. Alhamdulillah.