Ujira wa Saa na Joto la Pwani

Neno "mshahara" limebeba mwezi ndani yake. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi uleule unaozaa "shahr", yaani mwezi. Aliyepokea mshahara alipokea haki yake mwezi kwa mwezi. Tunaposema "mshahara wa mwezi", basi, tunautaja mwezi mara mbili na hakuna anayeudhika. Tunaposema "mshahara wa saa" tunaushindilia mwezi mzima ndani ya saa moja. Lugha huzoea mambo ya namna hiyo, nami sikusudii kumkataza mtu. Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu mpwa wangu alikuwa karibu kuuziwa ng'ombe wa mamaye kwa ajili ya hesabu iliyosimama juu ya neno "saa".

Kabla ya kumfikia mpwa wangu, tutazame maneno tuliyorithi ya malipo, maana kila moja lina kipimo chake. "Ngwe" ni sehemu ya shamba aliyopimiwa mtu kwa kamba, ailime aimalize. Kipimo chake ni ardhi. "Posho" ni mgawo wa chakula, na kipimo chake ni tumbo. "Kibarua" ni barua ndogo, hati aliyokabidhiwa mtu wa kazi ya kutwa, hata jina la karatasi likamhamia mwenye kuishika. Kipimo chake ni siku. Mjini wameongeza "deiwaka", dereva au kondakta anayeshika daladala ya mwenzake kwa siku moja, jioni akatoa hesabu. "Ujira" na "ijara" hayataji kipimo chochote. Yanasema tu kwamba kazi imefanyika na malipo yanadaiwa.

Lipo pia neno "kipande", ambalo washairi tunalijua kwa upande wetu. Kwetu mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani yake. Kwa babu zetu waliofanya kazi katika mashamba ya katani enzi za ukoloni, kipande kilikuwa kadi. Kilihesabu siku 30 za kazi iliyokamilika, si siku 30 za kalenda. Siku ambayo kazi haikutimia haikutiwa alama, na mwezi wa mtu ungeweza kurefuka ukaingia katika mwezi mwingine. Mwenye kadi alilipwa kipande kilipojaa. Nchini Kenya neno hilohilo liliitaja hati ya utambulisho ambayo Mwafrika mwanamume alilazimishwa kutembea nayo, akiining'iniza shingoni ndani ya kikebe. Neno moja, basi: mshairi analihesabu kwa silabi, babu yake alilihesabu kwa jasho.

Watu wa nyanda za juu walianza zamani kuteremka kufuata ujira penye joto. Mwaka 1944 wenye mashamba ya katani walianzisha ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, maarufu kwa jina la SILABU. Watu wa Njombe, Songea, Kigoma na kwingineko walisafirishwa hadi Tanga na Morogoro. Kule waliitwa "manamba", kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Baadaye ikaja barabara kuu ya Zambia, na ikaja TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyopita katika nchi yetu ya kusini magharibi. Tangu hapo safari ya kijana wa Mbozi au Mbeya kwenda baharini haikuhitaji wakala wala namba. Ilihitaji nauli na jina la ndugu wa kumpokea.

Mimi naishi Galula, katika Bonde la Rukwa, ng'ambo ile ambako Mto Songwe unaelekea Ziwa Rukwa. (Kuna Songwe nyingine, ya mpakani, iendayo Ziwa Nyasa. Wageni huzichanganya.) Hapa joto si habari. Mwezi wa Oktoba watu hutoa vitanda nje. Dada yangu aliolewa juu, Mbozi, kwenye kahawa na ukungu, ambako mwezi wa Juni na Julai mtu huamka akaona moshi ukitoka kinywani mwake. Mwanawe, huyu mpwa wangu, ameichukia baridi tangu utoto. Alipokuwa akija kwangu likizo alikuwa akivua sweta akiwa bado njiani.

Msimu uliopita wa baridi alinipigia simu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Huko hali?"

"Baridi inatuua. Lakini mimi naondoka. Nimepata kazi Dar es Salaam, ghalani. Wanalipa kwa saa."

Akanisomea ujumbe aliotumiwa. Ulisema hivi: kazi ni saa nane, malipo sh. 1,500 kwa saa, siku sita kwa wiki. Yeye alikwisha kupiga hesabu. Saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni saa 208, nazo zazaa sh. 312,000. Mamaye alikuwa tayari kuuza mtamba ili apate pa kuanzia.

Nilimwuliza swali moja la mwalimu wa Kiswahili: "Kazi ni *saa nane*, au kazi ni *ya* saa nane?"

Alinyamaza. Kisha akacheka, akidhani namtania. Lakini wasomaji wangu mtaona mara moja ninachokiona. "Saa nane" ni muda, na "saa nane" pia ni wakati wa siku, pale jua linapoanza kuuacha utosi. Kamusi hutupa "saa" kwa umoja na kwa wingi. Hivyo ndivyo nilivyofundisha, na hivyo ndivyo ninavyoandika mpaka leo. Hata hivyo tukiri kwamba wanaosema "masaa" mitaani hawasemi ovyo. Msikilizeni mtu wa sokoni: atasema "nimekungoja masaa manane", lakini hatasema "tukutane masaa manane". Amejitengenezea tofauti ambayo sarufi sanifu haikumpa, akaitumia bila kukosea. Sisi tunaoikataa "masaa" tuna wajibu wa kuilinda maana ile kwa njia nyingine: tuseme "muda wa saa nane", au "kuanzia saa nane". Tusiiache "saa nane" isimame peke yake mahali penye fedha.

Nilimsihi aulize kabla ya ng'ombe kutoka zizini. Akauliza. Jibu likaja siku ya pili: kazi huanza saa nane mchana, magari yanapofika kupakua, na huisha saa moja jioni. Ni muda wa saa tano. Saa tano kwa siku 26 ni saa 130, nazo ni sh. 195,000. Neno moja lisilo na kihusishi lilikuwa limemeza sh. 117,000 kila mwezi, na wala sidhani kwamba aliyeliandika alikusudia kudanganya. Aliandika kama tunavyozungumza.

Tukakaa na hesabu, yeye Mbozi na mimi Galula, kwa simu na daftari. Chumba alichotajiwa pembezoni mwa jiji kilikuwa sh. 60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita mkononi, yaani sh. 360,000. Dalali naye alitaka kodi ya mwezi mmoja. Jumla ni sh. 420,000, ambazo ni saa 280 za kazi, zaidi ya miezi miwili, kabla hajanunua godoro. Daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa sh. 600 kila moja, ni sh. 2,400 kwa siku. Ukizigeuza kuwa kazi, ni zaidi ya saa moja na nusu katika zile tano. Nilimwambia: saa ya kwanza ya kila siku na nusu ya ile ya pili utakuwa unamfanyia kazi mwenye basi.

Akasema, "Lakini Mjomba, kule joto. Sitanunua blanketi, sitanunua kuni za kuota."

Hapo nilimjibu kama mtu wa bondeni. Joto nalo lina majina, na kila jina lina bei. Joto la Galula ni kavu. Jasho linatoka na upepo unalichukua. Pwani kuna "fukuto", joto lenye unyevu ndani yake, na linazidi wakati wa kaskazi, tangu Desemba hadi Machi. Wakati wa kusi hali hupoa kidogo. Katika fukuto mtu hununua maji, hununua feni, kisha hununua umeme wa kuizungushia feni. Anahitaji chandarua kizima, maana mbu hawajui kipato cha mtu. Na huo moto wa kuni aliofikiri ameuepuka utamfuata kwa jina la mkaa, kwa kuwa jua haliivishi maharage.

Jasho hilo hunikumbusha fundisho la Kiislamu lijulikanalo sana pwani, kwamba kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka. Ni agizo zito. Mwajiri mwenye hila angeweza kujitetea kwamba Dar es Salaam jasho halikauki kamwe.

Upande wa pili uko mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, ambao watu wa Galula wameusikia kanisani mara nyingi. Mwenye shamba anaajiri alfajiri, tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Saa zile zinahesabiwa tangu jua kuchomoza, kama zetu, na Mswahili hahitaji maelezo pembeni kumwonyesha kwamba saa kumi na moja ni karibu na machweo. Wote wanalipwa dinari moja, ujira wa kutwa. Wa alfajiri wananung'unika, na kwa hesabu ya saa wana hoja. Lakini mwenye shamba hakupima saa. Alipima siku, maana tumbo halili kwa saa. Kila ninapousikia mfano ule sasa nawafikiria vijana wanaoitwa saa nane mchana na kuachwa saa moja jioni, ilhali mwenye nyumba anahesabu siku nzima, usiku ukiwamo.

Sheria yetu haikuwasahau kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa tisa kwa siku, na kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Amri za kima cha chini huchanganua malipo hadi kufikia saa. Ile ya 2013, iliyoweka sh. 100,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kilimo, ilikuwa na safu ya saa, siku, wiki, wiki mbili na mwezi. Na lipo sharti katika sheria ile ya 2004 ambalo kila mpenzi wa lugha angelipenda: mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na ikiwa mfanyakazi hayaelewi maandishi hayo, aelezwe kwa namna atakayoielewa. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi iliyobaki ni yetu, ya kuhakikisha Kiswahili hicho kinapima sawasawa.

Mpwa wangu amekwenda. Alitaka, naye ni mtu mzima. Lakini mtamba yuko zizini, kwa kuwa aliomba kulala kwa binamu yake Mbagala miezi ya mwanzo badala ya kupanga. Aliomba pia masharti yaandikwe: muda wa saa ngapi, kuanzia saa ngapi, na nani anayehesabu. Ameandikiwa mistari mitatu. Kila jioni anajaza daftari lake mwenyewe, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nilimtumia ubeti huu, auweke katika jalada:

Shuka mwana shuka pwani, uifuate riziki,
Ujira uwe bayani, hesabu haifichiki,
Saa itie mizani, jasho lako lina haki,
Jua tupu halipiki, wala halilipi kodi.